Maneno Yaliyolipiwa Ng'ombe

Mume wake alizikwa asubuhi, na alasiri ya siku hiyo hiyo mwanamke yule alifika bomani Shinyanga kwa miguu kutoka Samuye, mtoto mgongoni, vumbi limempanda hadi magotini. Karani mkuu alikuwa amekwenda kuswali. Mimi nilikuwa mgeni kazini. Nilikuwa nimetoka tu shule ya serikali, nimepewa meza ndogo karibu na dirisha na kazi ya kuandika na kutafsiri, kwa kuwa nilijua Kisukuma cha nyumbani, Kiswahili cha mjini na Kiingereza cha darasani. Kwa hiyo maelezo yake niliyaandika mimi, Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, akiwa amekaa pembeni na kiko chake.

Alisimulia bila kulia. Ilikuwa kiangazi, mto umekauka, na watu walikuwa wakinywesha mifugo kwenye visima walivyochimba mchangani. Mume wake na kijana wa kaya ya jirani waligombania zamu. Kijana akampiga rungu la kichwa.

"Akaanguka," alisema. "Kisha akampiga tena."

"Mume wako alikuwa ameinuka, mayu?" nilimwuliza, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Hakuinuka. Alikuwa amelala, mkono mmoja umo kisimani. Yule alimtazama kwanza, ndipo akampiga."

Kalamu yangu ilisimama. Nilijiuliza kama niyaandike maneno hayo, alimtazama kwanza, au niandike tu kwamba alipiga mara mbili. Nilifikiri kwamba nikiyaacha, nitakuwa nimempunguzia marehemu haki yake. Nikafikiri tena kwamba nikiyaandika, huenda nikampa mtu mwingine uzito ambao mama huyu hakukusudia. Bwana Shauri aligonga meza kwa kiko. Niliandika. Nilipomsomea, alinisahihisha mahali pamoja tu: niliandika kando ya kisima, yeye akasema ni ndani. Kisha akaweka kidole gumba kwenye wino, akakibandika chini ya maneno yake, akakipangusa kwenye kanga, akaondoka.

Karani mkuu alirudi, akasoma akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa pwani, kanzu yake imenyooshwa kila siku kana kwamba ni Idi.

"Umeandika vizuri, mwanachuoni," alisema. "Kamba imekwisha kusokotwa. Sasa watafute shingo."

"Kwa pigo la pili?"

"Pigo la kwanza ni ugomvi. Mtu amelala, umemtazama, ukapiga tena? Hilo ni la kunyongwa. Mbona umekunja uso? Wewe umeandika tu. Andika wanavyosema, usiandike unavyofikiri. Ukianza kufikiri, wino utakukaukia."

Shingo haikupatikana upesi. Kijana alikuwa amekimbilia machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na askari waliotumwa huko walirudi mikono mitupu. Walisema kule mtu hujipa jina asubuhi na kulibadilisha jioni, na wenye mitaro hawaulizi ukoo wa mtu, wanatazama mabega tu. Karatasi ilikaa kwenye kabati la bomani. Mvua zikanyesha, pamba ikapandwa, ikachumwa.

Katika miezi hiyo, bila sisi wa bomani kujua, jambo lile lilikwisha kwao.

Nilielezwa baadaye, na ni lazima nilieleze hapa, maana bila hilo yaliyofuata yataonekana kama ujinga, nayo hayakuwa ujinga. Kwao mtu akimwaga damu, ukoo wake hulipa njigu, yaani ng'ombe wa damu. Lakini ng'ombe peke yao si kitu. Muuaji lazima arudi mwenyewe, asimame mbele ya ukoo wa marehemu, aseme alivyofanya tangu mwanzo, pigo kwa pigo. Akificha hata moja, lile alilolificha litatoka kwa watoto, wake au wa marehemu, halichagui. Akimaliza kusema, ng'ombe huingizwa zizini, dume moja huchinjwa, na yeye na mjane hula pande moja la ini. Kuanzia hapo maneno yale hayasemwi tena na mtu yeyote. Mjane humwita shemeji, naye humlimia shamba.

Kijana alikuwa amevunja mawe mitaroni hadi akapata sehemu ya ng'ombe, baba yake akatoa waliobaki. Akarudi. Akasema yote. Akala ini. Msimu ule alilima shamba la mjane kabla ya shamba la mke wake.

Tulimkamata kwenye ufyekaji. Mtemi alikuwa ameita wanaume wa vijiji vyote kufyeka pori la mbung'o, wanaume wakaja na mashoka yao, naye akaja na lake, akajipanga na wenzake kama mtu asiye na kesi. Mtu mmoja aliyefanya naye kazi Geita alimtaja jina lake la mitaroni kwa sauti, na askari mmoja wa wale waliomtafuta huko akalikumbuka, akageuka. Inasemekana hakukimbia. Aliwauliza tu, "Kwani hamjasikia? Ilikwisha."

Kwa Bwana Shauri, kesi iliposikilizwa mara ya kwanza, mjane hakusema neno. Bwana Shauri hakuhangaika naye. Aliambatanisha karatasi ya kidole na majalada mengine, akaipeleka kesi kwa Jaji.

Jaji alikuja kwa garimoshi pamoja na sanduku la joho lake. Wakili aliyepewa kumtetea kijana alikuwa Mhindi kutoka Mwanza, mtu mwembamba mwenye haraka, na alimwona mteja wake kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi, kwa kinywa changu, katika chumba cha mahabusu.

"Mwambie anyamaze," alisema wakili. "Ajibu jina lake, basi."

Nilimwambia. Kijana alikuwa mrefu, ameinamisha kichwa kwa sababu ya dari, na miundi yake ilikuwa na makovu ya vipande vya mawe.

"Ninyamaze kuhusu nini?"

"Kuhusu kila kitu," alisema wakili. "Wana shahidi mmoja tu wa macho. Kama mama huyo hasemi, hawana pigo la pili. Bila pigo la pili ni ugomvi, na ugomvi ni kifungo. Akinyamaza ataishi. Mwulize kama ameelewa."

"Nimeelewa," alisema kijana. "Hata hivyo sina la kusema. Yalikwisha semwa."

Wakili alifurahi kusikia hivyo. Mimi sikufurahi, lakini sikujua kwa nini, na kwa kuwa huwa sifurahii mambo mengi bila kujua sababu, sikusema.

Ukumbi ulijaa. Watu wa kaya zote mbili walikaa upande mmoja, wamechanganyika, jambo lililomshangaza afisa wa polisi aliyeendesha mashtaka. Kijana alipoingizwa alimwona mjane karibu na mlango, mtoto mgongoni.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu.

"Mwangaluka, shemeji."

Jaji aliuliza wamesemezana nini. Nikamwambia wamesalimiana asubuhi njema. Watu wa mjini waliokuja kutazama wakacheka, na afisa wa polisi akaandika kitu.

Mjane alipanda kizimbani.

"Siku ile kisimani uliona nini?" aliuliza afisa.

"Sikuona kitu."

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Mume wako alikufaje?"

"Alikufa."

Kicheko tena. Afisa hakucheka. Alimwomba Jaji ruhusa ya kumhesabu shahidi huyu kuwa amemgeuka, na kumsomea maelezo yake ya kwanza. Jaji akaruhusu. Karatasi ikapita mkono kwa mkono hadi kwangu, na niliona mwandiko wangu, ule wa siku za kwanza, bado wa shule.

Nilianza kuyasoma kwa Kisukuma. Sikufika mbali. Wazee wa kaya zote mbili walisimama kwa pamoja wakaelekea mlangoni, wameziba masikio kwa viganja. Askari walidhani ni fujo. Waliwasukuma ndani, wakawakalisha kwa vitako vya bunduki, wakafunga mlango. Mzee mmoja aliyeendelea kuziba masikio alipigwa mikononi hadi akaishusha. Mjane alivuta kanga yake ikamfunika mtoto kichwa chote, akambana na bega. Kijana alitazama sakafu.

"Endelea," alisema Jaji.

Niliendelea. Nilisoma pigo la kwanza. Nilisoma mkono kisimani. Nilisoma kutazama, na pigo la pili. Nilisoma polepole kwa sababu niliogopa kukosea, na sasa nadhani upole ule uliwaumiza zaidi, lakini ningesoma upesi wangesema nimeficha.

"Kidole hiki ni chako?" aliuliza afisa.

"Changu."

"Maneno ni yako?"

"Yalikuwa yangu."

"Ni kweli au ni uongo?"

Alirekebisha kanga juu ya mtoto. Jaji akainama mbele. Hakuwa na sauti ya hasira. Alisema, "Mwambie mambo ni mawili tu. Siku ile alisema kweli na leo anasema uongo, au siku ile alisema uongo na leo anasema kweli. Achague."

Nilimwambia. Alinitazama mimi, si Jaji, kama vile mimi ndiye niliyetunga swali.

"Maneno yale yamelipiwa," alisema.

"Yamelipiwa!" Afisa aligeukia ukumbi mzima. "Yamelipiwa nini?"

"Ng'ombe."

"Na nani?"

Afisa alimwuliza ng'ombe hao wako wapi sasa. Alimwuliza kama maziwa yao ni matamu. Alimwuliza kama marehemu mume wake alikuwa na thamani ya ng'ombe hao, au ilibaki chenji. Yote hayo niliyatafsiri, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kila neno nililitafuta lililo sawa kabisa na lake, na kwa bahati mbaya Kisukuma kinayo yote. Mjane hakujibu hata moja. Mtoto alianza kulia chini ya kanga, Jaji akaagiza anyamazishwe.

Ndipo wakili aliposimama. Ilikuwa saa yake. Alizungumza kwa ufupi, vidole vimeshika ukingo wa meza, na nilimwonea wivu kwa kutokuwa na shaka. Alisema mama huyu amevunjwa, sawa, hakuna atakayemwamini leo. Lakini karatasi ya zamani kazi yake ni hiyo tu, kuvunja neno la shahidi. Haiwezi kukaa kizimbani badala yake. Aliyeitamka hakuitamka mbele ya Jaji, mshtakiwa hakuwapo siku ile amwulize maswali, na leo aliyeitamka haishiki. Shahidi akivunjwa hubaki pengo, na sheria hairuhusu pengo lizibwe kwa karatasi.

Jaji alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akasema wakili yuko sahihi. Aliwageukia wazee watatu wa baraza waliokaa kando yake kumshauri, akaniagiza niwaambie: maelezo haya yaonyesha tu kwamba mwanamke huyu hasemi kweli, lakini yasiwe ushahidi wa pigo lolote. Wayatoe vichwani. Wazee watatu wakatikisa vichwa. Hawakuelewa mtu anatoaje vichwani alichosomewa sasa hivi kwa sauti, wala mimi sikuelewa, ila moyo wangu ulikuwa mwepesi. Afisa alikuwa na shahidi mwingine mmoja tu, mchunga ng'ombe aliyeikuta maiti, hakuona pigo.

Tukaenda mapumziko.

"Mhindi amekula nyama, amemwachia afisa mfupa," aliniambia karani mkuu kwenye varanda, akitafuna tende. "Shingo imepona. Miaka michache ya kuvunja kokoto, amezoea huko Geita. Mbona huli?"

"Nafikiri kuhusu yule mama."

"Mama mwenye ng'ombe? Huyo hana shida."

Huko nje alikuwa na shida. Watu wa mjini waliotoka ukumbini walikuwa wameshaeneza habari, na mjane, aliyekatazwa kuondoka, alikuwa amekaa kwenye ngazi za boma akimnyonyesha mtoto.

"Mama Ng'ombe!" aliita fundi cherehani kutoka kibarazani kwake. "Njoo nikushonee gauni, wewe si tajiri!"

"Mwacheni, mjane huyo," alisema mwanamke mmoja.

"Mjane gani? Kamuuza mumewe hajapoa. Mimi wangu akifa nikipewa hata mbuzi nitasema sikuona."

"Wewe wako mzima ungemtoa kwa kuku."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akashikilia nguzo. Mtu alimrushia mjane kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kikamgonga begani, kikavunjika. Alijifuta akaendelea kunyonyesha.

Baba wa kijana aliyaona yote hayo. Alikuwa mzee mfupi mwenye bangili ya pembe mkononi, mmoja wa wale waliosukumwa ndani. Alinijia, nikamwamkia.

"Mwanangu," aliniuliza, "wale watu wa kule ndani wanaamini kwamba tulimhonga?"

"Ndivyo walivyoandika, baba."

"Na wewe huwaambii?"

"Mimi nasema wanachosema wengine. Siruhusiwi kusema changu."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama ulemavu. "Basi mimi ninaruhusiwa. Mwambie yule wa joho jekundu nataka kusema."

Nilikwenda kwa wakili. Alikuwa akila chapati juu ya karatasi zake.

"Baba yake? Vizuri sana," alisema. "Kesi ya kunyonga imekufa, sasa tunapigania kifungo. Mzee akisema koo mbili zimepatana, Jaji atalainika. Nitamwita."

"Bwana, labda tumwulize kwanza atakachosema."

"Kamwulize basi."

Nikarudi kwa mzee. "Baba, utasema nini?"

"Nitasema huyu mama si mwongo wala hakuhongwa."

"Hayo tu?"

"Kuna zaidi ya hayo?"

Nilipeleka jibu. Nikaongeza kwamba nina wasiwasi, kwamba kueleza kuwa si hongo ni lazima aeleze ni nini, na kwamba sijui kitu hicho kikishaanza kuelezwa kitaishia wapi. Wakili alipangusa vidole.

"Kijana, wewe ukiulizwa jina lako ungeomba muda wa kufikiri. Twende."

Mzee alipanda kizimbani akiwa ametulia kabisa. Wakili alimwuliza swali moja, kama koo mbili zina ugomvi. Hazina, alisema. Wakili akataka kukaa. Mzee hakuwa amemaliza.

"Huyu mama hakuhongwa," alisema, akimwelekezea Jaji kidole. "Ng'ombe wale nimewatoa mimi na mwanangu. Ni njigu. Hongo hutolewa gizani. Njigu tumeilipa mchana, watu wote wamekaa. Na njigu hailipwi na mtu ambaye hajasema. Mwanangu alisimama akasema yote, hakuficha hata moja. Ndiyo maana mama huyu hawezi kuyasema tena. Hajasema uongo. Ninyi ndio mnamlazimisha."

Wakili alikuwa amekwisha simama. "Bwana Jaji, naomba—"

"Kaa chini," alisema Jaji. "Shahidi ni wako."

Kisha akamwuliza mzee, "Mwanao alisema nini?"

"Mwulizeni mwenyewe. Si maneno yangu."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia kijana na kumweleza haki yake, nami nikamfikishia: anaweza kusema au kunyamaza, wala kunyamaza hakutahesabiwa kuwa kosa. Akaongeza kwamba, hata hivyo, kuhusu ng'ombe mahakama inayo maelezo mawili. Ama kulikuwa na mapatano kama asemavyo mzee, ama ng'ombe hao walikuwa hongo ya kumziba shahidi mdomo. Kama ni hongo, mzee na mwanamke watashtakiwa wote wawili.

"Mwambie anyamaze," wakili aliniambia kwa sauti ya chini, akanishika mkono. "Mwambie!"

"Wakili anasema unyamaze," nilimwambia kijana.

"Nikinyamaza, watasema hatukulipa?"

"Huenda watasema hivyo."

"Na kwamba sikusema mbele ya watu?"

"Ndiyo."

Alifikiri. Ingekuwa mimi ningefikiri hadi leo. Yeye alifikiri kama mtu anayepima mtaro kabla ya kuuruka, akainua kichwa.

"Mwambie mzungu amtoe mama na mtoto kwanza. Wasisikie mara nyingine."

Jaji alijibu kwamba shahidi haondoki mpaka ameruhusiwa, na hajaruhusiwa.

Basi kijana akasema. Alisema jinsi alivyofika kisimani, nani aliyeanza kutukana, na tusi lenyewe. Akasema pigo la kwanza. Akasema marehemu alivyoanguka na mkono wake ulipoangukia. "Nilimtazama kwanza," alisema. "Nikaona anapumua. Nikaona kwamba akiinuka ataniua siku nyingine. Ndipo nikampiga." Wakati nikitafsiri, afisa wa polisi alikuwa ameweka kidole kwenye maelezo ya mjane, akikisogeza mstari kwa mstari pamoja nami, na kidole chake hakikulazimika kurudi nyuma hata mara moja.

Karatasi ambayo haikuruhusiwa kusimama peke yake sasa ilikuwa na mwenzake. Hakuna sheria iliyomzuia mtu kujisemea mwenyewe.

Wazee wa baraza waliulizwa maoni yao mmoja mmoja. Wote walisema sawasawa: ameua, amesema, amelipa, aende akalime. Jaji aliwashukuru kwa adabu, akasema hafungwi na maoni yao. Kisha akahukumu kunyongwa mpaka afe. Nilijiuliza kama niseme atanyongwa au watakunyonga, na katika kujiuliza nikakaa kimya mno, hata kijana mwenyewe akaniambia, "Sema tu, nimeona nyuso zao." Nikasema. Baba yake, aliyekuwa akisikiliza kwa makini kama mtu anayeelekezwa njia, alikubali kwa kichwa kila neno hadi mwisho. Halafu akaniuliza, "Na yule mama? Wamekubali kwamba hakuhongwa?"

"Wamekubali, baba."

"Vizuri."

Mjane hakushtakiwa kwa hongo. Alishtakiwa kwa kutoa ushahidi wa uongo, kwa kuwa sasa ilikuwa imethibitika kwamba aliona. Alifungwa gereza la Shinyanga na mtoto wake. Kila nilipopita niliwasikia wafungwa wanawake wakitwanga, na askari jela wakimwita jina lile alilopewa na fundi cherehani.

Mvua zilipoanza, simu ilifika kwamba hukumu imetekelezwa. Mzee aliitwa bomani aambiwe. Alisimama mbele ya meza ya Bwana Shauri, karani mkuu upande mmoja, mimi upande wa pili.

"Nani aliyemwua?" aliuliza.

"Serikali," nilitafsiri.

"Basi iulize serikali italeta lini njigu ya mwanangu. Na nani atakayekuja kusema."

Karani mkuu aligeuka akakohoa kwenye kanzu yake, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Bwana Shauri alisema serikali haidaiwi kwa jambo la namna hii. Mzee alisubiri nimalize, akahakikisha nimemaliza, kisha akasema kwamba kama ni hivyo, kwao hesabu imeharibika: ukoo wa marehemu umepokea ng'ombe, na umepata pia mtu. Haiwezekani kupokea vyote viwili. Ng'ombe warudi.

Bwana Shauri aliogopa mapigano. Alinituma Samuye pamoja na askari mmoja kusimamia. Hapakuwa na haja. Ndugu za marehemu hawakubisha hata kidogo. Kwa hesabu yao nao walikuwa wanadaiwa. Waliwaswaga ng'ombe wenyewe, na ndama waliozaliwa tangu siku ile. Wawili walikuwa wameshatolewa mahari ya mdogo wa marehemu, kwa hiyo bibi harusi alirudishwa kwao, ng'ombe hao wakarudi, mdogo mtu akiwaswaga huku akitukana kimyakimya.

Mjane alikuwa ametoka gerezani siku chache kabla. Alileta jike la mwisho yeye mwenyewe, lile ambalo mtoto alikuwa akinywa maziwa yake kabla hawajafungwa. Mtoto alikuwa amekonda, kichwa kimekuwa kikubwa. Nilimsogelea mzee nikamwambia, hilo moja angemwachia, kwa ajili ya mtoto.

"Siwezi," alisema. "Nikimwachia hata ndama, nitakuwa nimelipa. Na mimi sasa sijalipa. Hakuna aliyelipa."

Alipokea kamba mkononi mwa mjane. Hawakusalimiana. Mjane hakumwita baba, wala yeye hakumwita mwanangu, ingawa ndivyo walivyoitana tangu ini liliwe. Mjane aligeuka akaenda zake, mtoto akilia akimnyooshea mkono yule ng'ombe, na kabla hata hawajafika kwao vijana wa mzee walishaanza kukata miiba na kuifunga njia iliyokuwa kati ya kaya zile mbili.